Mgao wa Nyikani: Filamu za Dhahabu na Mtu wa Kuogopwa

Wachimbaji watatu wameketi kandokando ya moto, juu ya mlima mmoja wa Mexico, mizani ndogo katikati yao. Vumbi la dhahabu walilolihangaikia tangu alfajiri ni kidogo mno. Mzee Howard yuko tayari kulitunza kwa niaba ya wote, lakini Dobbs anataka ligawanywe papo hapo, kila mtu ashike chake. Linagawanywa. Kuanzia hapo kila mmoja ana maficho yake, na kila mmoja anajua kuwa wenzake nao wanayo. Usiku, mmoja wao anazinduka usingizini, anaona mahali pa mwenzake ni patupu, anatoka kwenda kuyakagua maficho yake. Akirudi, wa pili naye ameshtuka na anatoka. Hakuna risasi iliyolia, hakuna aliyeiba hata punje, lakini mtazamaji tayari roho iko juu.

Filamu hiyo ni The Treasure of the Sierra Madre, iliyotoka mwaka 1948. John Huston aliiongoza na kuiandikia mswada kutokana na riwaya ya B. Traven ya mwaka 1927. Baba yake, Walter Huston, ndiye mzee Howard, na katika tuzo za Oscar baba na mwana wote walishinda: mwana kwa uongozaji na mswada, baba kwa uigizaji msaidizi. Tangu hapo filamu nyingi za taharuki kuhusu dhahabu zimefuata mpangilio uleule: watu wachache, nyika isiyo na askari, mali inayobebeka, na mtafuta dhahabu mmoja ambaye si wa kumpa kisogo. Mlima unaweza kuwa jangwa, jangwa likawa theluji, hata ikawa ni mwezi wa sayari ya mbali. Mtu yule yupo palepale na koleo lake.

Kinachomfanya awe wa kuogopwa ni nini hasa? Jibu la haraka kila Mswahili analo mdomoni: tamaa mbele, mauti nyuma. Filamu hafifu za aina hii huishia papo hapo: mtu mwema anaokota dhahabu, macho yanambadilika, anaua. Zilizo bora zinakwenda mbali zaidi. Ndani yake hatari imeanza zamani, kabla punje ya kwanza haijaonekana, na dhahabu inapofika inawakuta watu waliokwisha kudhulumiwa, wenye njaa au madeni, na wasio na shahidi.

Dobbs, anayeigizwa na Humphrey Bogart, ni mfano ulio wazi kuliko wote. Tunapokutana naye Tampico mwaka 1925 hana hata nauli, anaombaomba kwa Wamarekani wenzake mitaani. Anapata kazi ya kibarua kwenye kambi ya mafuta, yeye na kijana Curtin, mchimbaji wa tatu wa kule mlimani. Wanavuja jasho juani, kisha mkandarasi anatoweka na ujira wao. Wakimkamata baadaye kilabuni, wanapigana naye hadi wanamwangusha, na Dobbs anafungua pochi ya mtu yule na kuhesabu kile wanachodai. Huyo si mwizi. Ni mtu aliyefundishwa, kwa kudhulumiwa, kwamba malipo yasiyo mkononi si malipo. Mtaji wa safari nao hautimii kwa jasho lake. Unatimia baada ya kipande cha tiketi ya bahati nasibu, alichouziwa na mtoto wa mtaani, kushinda peso 200. Hivyo anapanda mlimani akiwa na masomo mawili ya mjini: kazi hailipi, bahati hulipa. Anapodai mgao wa kila siku, anakumbuka kilichompata Tampico.

Kisha kuna tukio dogo ambalo ndilo moyo wa filamu nzima. Mgodi unamwangukia Dobbs. Curtin, yule mwema, anakimbia hadi mdomo wa shimo, na pale anasita. Anageuka, kana kwamba hakuona kitu. Halafu anarudi, anaingia, anamvuta mwenzake nje. Dobbs anashukuru bila kujua kilichopita, ila mtazamaji amejua. Hata asiye na tabia ya kuua amepiga hesabu, kwa sekunde chache tu, ya theluthi inayogeuka nusu. Huston hakuhitaji muziki mkubwa wala maneno. Kuanzia hapo Dobbs atakapoanza kuropoka kwamba wenzake wanamtakia kifo, hatutaweza kusema kwa dhati kwamba ni kichaa kitupu.

Hesabu hiyo inatokana na dhahabu yenyewe. Lita moja ya dhahabu safi ina uzito wa zaidi ya kilo 19, kwa hiyo kifuko cha kukaa kiunoni ni maisha ya mtu, na punda wachache wanabeba utajiri wa kampuni. Haina jina la mwenyewe. Ng'ombe wa wizi hutambulika kwa chapa, lakini dhahabu ikishayeyushwa haisemi ilitoka shimo gani wala mikononi mwa nani. Mjini pengo hilo huzibwa na mizani iliyokaguliwa, stakabadhi, mnunuzi mwenye leseni, karani, polisi. Nyikani hakuna hata kimoja, na mwandishi wa filamu anabaki na kazi moja tu, ya kupunguza watu. Wakiwa watatu, kifo cha mmoja kinapandisha fungu la kila aliyebaki kutoka theluthi hadi nusu. Wakiwa wawili, kinachofuata ni nusu kuwa yote. Baada ya Howard kuchukuliwa na wanakijiji waliotaka kumshukuru kwa kumzindua mtoto wao, Dobbs na Curtin wanabaki peke yao na punda, na taharuki yote inageuka kuwa swali moja la kimwili: nani atasinzia kwanza?

Filamu nyingine zimelitumia pengo hilohilo kwa namna tofauti. Katika The Naked Spur ya Anthony Mann, iliyotoka mwaka 1953, mtafuta dhahabu mzee Jesse Tate ndiye mhanga. Wanaume watatu wanamsafirisha mfungwa mwerevu, aliyeigizwa na Robert Ryan, ili wagawane zawadi iliyotangazwa kwa kichwa chake. Mfungwa hana silaha ila mdomo. Anamnong'oneza mzee kwamba anajua mahali penye mgodi, na mzee, aliyezunguka milimani miaka na miaka bila kupata kitu, anamfungua kamba usiku. Bunduki inabadilisha mikono, na mzee anapigwa risasi. Dhahabu yenyewe haionekani hata mara moja katika filamu nzima, wala haikuhitajika, kwa kuwa matumaini ya miaka mingi yalitosha.

Charlie Chaplin, ambaye watu humkumbuka kwa kiatu alichokipika na kukila katika The Gold Rush ya 1925, alijua jambo hilo pia. Mtu hatari wa filamu ile, Black Larsen, ni mhalifu anayesakwa kabla hajaigusa dhahabu ya mtu yeyote. Nyika kwake ilikuwa maficho kwanza, machimbo baadaye. Anawaua maofisa wa sheria waliomfuata, anampiga Big Jim kwa koleo kwenye mgodi wa Big Jim mwenyewe, na maporomoko ya theluji yanamaliza kesi yake bila hakimu.

Ndugu Joel na Ethan Coen nao walichukua hadithi fupi ya Jack London na kuifanya sehemu ya The Ballad of Buster Scruggs mwaka 2018. Tom Waits anaigiza mzee anayefika kwenye bonde la kijani, anachimba shimo dogo kando ya kijito, anachekecha, anahesabu chembe kwenye karai, anasogea hatua kadhaa, anachimba tena. Anaufuata mshipa kwa hesabu ya chembe, mtindo ambao mchimbaji mdogo wa Chunya au Geita angeutambua papo hapo. Kazi hiyo inaonyeshwa kwa subira nadra sana katika sinema, na ndiyo sababu risasi ya mgongoni inauma sana inapokuja. Kijana asiye na jina alikuwa akimfuata siku zote hizo, akingoja mzee amalize kazi. Mzee anajifanya amekufa, kijana anashuka shimoni kuchukua mali, na hapo mambo yanageuka. Hatuambiwi kijana yule ametoka wapi. Ni chaguo la wasanii hao, lakini ni upungufu: hatari iliyoshushwa kutoka hewani inashtua mara moja tu.

Historia inayo kesi inayoweza kupimwa dhidi ya filamu hizi zote. Novemba 1873 kikundi cha wanaume 21 kiliondoka Utah kuelekea machimbo ya Colorado. Januari iliyofuata walifika kwenye kambi ya Ouray, chifu wa Waute, aliyewapa chakula na kuwashauri wangoje majira ya kuchipua, kwa kuwa hakuna mgeni anayevuka milima ile katika theluji ya Februari. Sita hawakungoja. Aprili 16, 1874, mmoja wao, Alferd Packer, aliibuka peke yake. Alidai wenzake walimwacha, lakini watu wakashangaa fedha alizokuwa nazo. Agosti miili mitano ilipatikana karibu na mahali panapoitwa leo Lake City. Packer alikiri kula nyama ya wenzake, akasema aliyeanza kuua ni mwingine na yeye alijitetea. Alitoroka rumande, akakamatwa tena mwaka 1883, akahukumiwa kunyongwa, hukumu ikatenguliwa, na mwaka 1886 akapewa miaka 40 kwa kuua bila kukusudia. Aliachiwa kwa masharti mwaka 1901. Wanaume wale hawakuwa wamefika kwenye dhahabu yoyote. Waliuawa na haraka ya kuwahi kabla wengine hawajawahi, kisha njaa, kisha kukosekana kwa mtu wa kusimulia zaidi ya mmoja.

Haraka hiyo ya kuwahi ndiyo filamu nyingi hushindwa kuionyesha, kwa sababu inahitaji umati, na taharuki inapenda upweke. Tanzania leo maofisa wa madini huita tukio la namna hiyo mfumuko: habari inavuma kwamba pamepatikana, na ndani ya siku chache porini panakuwa mji wa maturubai. Klondike, Kanada, ulikuwa mfumuko wa aina hiyo. Dhahabu iligunduliwa Agosti 1896 na Keish, mtu wa kabila la Tagish aliyejulikana pia kama Skookum Jim, akiwa na jamaa zake na shemeji yake George Carmack. Julai 1897 meli zilipotia nanga San Francisco na Seattle na wachimbaji waliobeba mizigo ya dhahabu, inakadiriwa watu 100,000 walianza safari. Walioufikia mji wa Dawson ni kati ya 30,000 na 40,000 hivi. Waliopata dhahabu yoyote ni kama 4,000. Polisi wa mpakani walikataa kumruhusu mtu asiye na akiba ya chakula ya mwaka mzima, kwa hiyo kila aliyepitia mlima wa Chilkoot alipandisha karibu tani moja ya mizigo, akipanda na kushuka mara kadha wa kadha. Aprili 3, 1898, maporomoko ya theluji yaliwazika zaidi ya watu 60 katika njia hiyo. Chaplin alivutiwa na picha za foleni ile ya watu walioonekana weusi tii juu ya theluji nyeupe, akaijenga upya karibu na Truckee, California, kwa mamia ya watu. Mandhari hiyo ya mwanzo bado ni mojawapo ya chache katika sinema zinazoonyesha kwamba mtafuta dhahabu, kabla hajawa mpweke wa kuogopwa, alikuwa mmoja katika foleni.

Mzee Howard naye anaigusa foleni hiyo kwa maneno. Mapema kabisa, kwenye nyumba ya kulala wageni ya Tampico, anaeleza kwa nini dhahabu ina thamani: watu elfu wanaitafuta, mmoja anaipata, na bei inabeba jasho la wote waliokosa. Wanauchumi watakuwa na lao la kusema, ila hesabu za Klondike hazimpingi mzee.

Jambo ambalo filamu hizi zimelikosea zaidi ni nyika yenyewe. Ili taharuki ifanye kazi, pori lazima lionekane halina mtu. Ukweli ni kwamba mahali pa mfumuko mara nyingi palikuwa na wenyewe. Baada ya James Marshall kuona dhahabu Coloma, California, Januari 24, 1848, watu wapatao 300,000 walimiminika jimboni humo. Wenyeji asilia, waliokadiriwa kuwa 150,000, walikuwa wamebaki kama 30,000 kufikia mwaka 1870, kwa magonjwa, njaa na mauaji ya wazi ambayo serikali ya jimbo iliyagharimia. Umati huo ndio mtafuta dhahabu hatari kuliko wote, wala haukuwa mtu mmoja aliyepotewa na akili. Afrika Mashariki tunalijua hilo kwa namna yetu. Sheria ya 1930 nchini Kenya iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi za wenyeji itakuwa yao daima, na ikichukuliwa watapewa nyingine ya thamani sawa. Mwaka uliofuata dhahabu ikagunduliwa Kakamega, wazungu wakamiminika, na Desemba 1932 sheria ikarekebishwa upesi ili uchimbaji usikwamishwe na ahadi hiyo. Kichaa kile kilivaa suti na kupiga kura bungeni. Hata Huston, pamoja na kipaji chake chote, amewapa wenyeji wa Mexico nafasi mbili kuu: wanakijiji wapole wanaomheshimu Howard, na majambazi wanaomkatisha Dobbs maisha. Bado amemfanya Howard asisitize kuufukia mgodi na kuuponya mlima kabla ya kuondoka, na sijui filamu nyingine ya miaka ile iliyowaza hivyo.

Waongozaji walioipa nyika nafasi ya mhusika wa kweli wamefanikiwa kwa kuiacha iwatese. Erich von Stroheim alikwenda kupiga picha za mwisho za Greed katika Death Valley wakati wa kiangazi cha 1923, joto likiwa zaidi ya nyuzi 45, na baadhi ya watu wake waliugua. Kampuni ya MGM ilikata filamu yake ya saa nyingi ikabaki kipande, lakini mwisho ule haukufutika: wanaume wawili waliokuwa marafiki, sarafu za dhahabu zilizotokana na ushindi wa bahati nasibu, maji yamemwagika, nyumbu amekufa, na mshindi wa pambano anagundua amefungwa pingu na maiti. Bahati nasibu tena, kama kwa Dobbs. Karibu karne moja baadaye, Gold ya Anthony Hayes, ya mwaka 2022, ilipigwa katika jangwa la Australia Kusini. Wanaume wawili wanakuta bonge la dhahabu kubwa kiasi cha kutong'oleka kwa mikono. Mmoja anaondoka kutafuta mtambo wa kuchimbua, mwingine, anayeigizwa na Zac Efron, anabaki kulinda. Ngozi ya uso inababuka, nzi wanamwandama, mbwa mwitu wanazunguka. Swali la nani wa kuogopwa linahamia kwa yule asiyekuwepo: je, atarudi, na akirudi atarudi kwa ajili ya nani?

Zeek Earl na Chris Caldwell, katika Prospect ya 2018, wameusogeza mgao huo hadi kwenye msitu wa mwezi wenye hewa ya sumu. Baba mwenye deni anajaribu kuwapora wachimbaji wengine, anauawa, na binti yake Cee anabaki na muuaji mwenyewe, Ezra, aliyeigizwa na Pedro Pascal. Vito wanavyovitafuta vinaharibika ukikosea hatua moja ya kuvichomoa, kwa hiyo ujuzi wa mtoto una thamani, na njia ya kutoka inahitaji wawili. Hapa ndipo filamu hii inapoipita The Ballad of Buster Scruggs: mtu hatari ana historia, ana maneno mengi matamu, na anageuka kuwa wa kutegemewa bila kuacha kuwa wa kuogopwa. Kwa upande mwingine, Sisu ya Jalmari Helander imempindua mhusika huyo kabisa. Katika Lapland ya 1944 wanajeshi wa Kinazi wanampora mzee mmoja dhahabu yake, na wanagundua kwa kuchelewa kwamba yeye ndiye hatari ya nyika nzima. Ni burudani ya damu na vumbi, lakini inathibitisha kwamba aina hii ya sinema haijachoka.

Kesi ambayo ingeweza kuipeleka mbele zaidi ilitokea Borneo. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ilitangaza hazina kubwa ya dhahabu Busang, Indonesia, na thamani yake kwenye soko la hisa ikapita dola bilioni 6 za Kanada. Machi 1997 mwanajiolojia wake Michael de Guzman alianguka kutoka kwenye helikopta juu ya msitu, na siku chache baadaye kampuni nyingine iliyochoronga ardhi ileile haikupata kitu cha maana. Stephen Gaghan alitumia mkasa huo kutengeneza Gold ya mwaka 2016, Matthew McConaughey akiwa mtafuta dhahabu mwenye upara na kitambi anayeota ndoto katikati ya malaria na mvua. Filamu inapenda urafiki wa wanaume wawili kuliko inavyopenda ushahidi, na hilo ni hasara, maana ushahidi ulikuwa na taharuki ya kutosha. Waliozikagua sampuli za Bre-X waliona kwamba chembe za dhahabu zilikuwa za mviringo, kingo zimelika, kama dhahabu iliyobingirishwa na maji ya mto kwa miaka mingi. Dhahabu ya ndani ya mwamba haiwi hivyo. Ilikuwa imetiwa kwenye unga wa mawe makusudi, na ilikuwa dhahabu ya aina ile ambayo wenyeji wa mito ya Kalimantan, yaani Borneo ya Indonesia, huichekecha kwa karai. Mchimbaji wa karai, aliyeipata kihalali na kuiuza kwa bei ya mtoni, hayumo kwenye filamu kama mhusika.